Vidole vya fundi wa rangi vinakakamaa: je, ni thina?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Changamwe. Barua yake ni ndefu, nami nimeifupisha bila kuibadilisha maana.

"Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 43. Amepuliza rangi magari kwa miaka 17, na kabla ya hapo alikuwa akipiga mchanga vyuma vya meli. Tangu mwaka juzi, akitia udhu alfajiri vidole humgeuka vyeupe, halafu huwa kama vya buluu, kisha humuuma. Sasa ngozi ya mikono imekaza hata vifungo vya kanzu namfunga mimi. Shingoni na kifuani ametokwa na madoa meupe. Kuna wanaosema ni mbalanga, na kuna wanaosema ni mkono wa mtu. Zahanati wamempa prednisoloni. Mwenye gereji anasema thina haijamdhuru mwengine yeyote pale kazini. Je, yaweza kuwa ni thina? Aache kazi? Ana haki yoyote? Na mimi ninayefua ovaroli zake, niko salama?"

Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla sijafika kwenye thina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi, nataka kuanza na tembe alizopewa zahanati, kwa sababu hizo haziwezi kungoja.

Tazama kwenye pakiti ameandikiwa miligramu ngapi kwa siku. Kwa jinsi ulivyoieleza hali ya mumeo, ninachokishuku ni skleroderma, ugonjwa ambao kinga ya mwili humgeukia mwenyewe, ikaikakamaza ngozi na wakati mwingine mapafu, moyo, figo na njia ya chakula. Katika ugonjwa huu, prednisoloni nyingi, hasa ikipita miligramu 15 kwa siku, huongeza hatari ya figo kushambuliwa ghafla. Lakini asiiache kwa siku moja. Mwili uliokula dawa hiyo kwa wiki kadhaa huacha kutengeneza homoni yake wenyewe, na ukimkatia ghafla anaweza kuanguka. Arudi kwa daktari wiki hii hii, alitaje neno skleroderma kwa mdomo wake, na aulize kipimo kipunguzwe vipi.

Jambo la pili ni presha. Mashine ya kupimia nyumbani huuzwa madukani, na duka la dawa la mtaa likiwa nayo watakupimieni. Mpime kila siku, uandike namba kwenye daftari. Namba ya juu ikifika 140 au zaidi, au ya chini ikafika 90, au ile ya juu ikaruka kwa 30 kupita kawaida yake, aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama hajihisi mgonjwa. Kukiwa na maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, pumzi kukatika au mkojo kupungua, msingoje kupambazuke. Zamani shambulio hilo la figo liliua karibu kila aliyepatwa nalo. Tangu dawa za jamii ya kaptoprili na enalaprili zilipoanza kutumika, mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuendelea, wengi wameokoka, na waliookoka zaidi ni wale waliozianza mapema.

Sasa nikueleze kwa nini nimeshuku ugonjwa huu kwa kusoma barua tu. Vidole kuwa vyeupe, kisha buluu, kisha kuuma vinapopata damu tena, hali hiyo huitwa Raynaud, kwa jina la daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliyeieleza mwaka 1862. Mishipa midogo ya vidole hujibana kupita kiasi ikiguswa na baridi. Hapa kwetu Mombasa hali hii hupita bila kuulizwa, kwa kuwa mtu hudhani baridi ni ya Ulaya au angalau ya Limuru. Ilhali maji ya bomba ya alfajiri wakati wa kusi yanatosha. Barafu ya kasha la samaki inatosha. Kiyoyozi cha benki kinatosha. Tena ngozi yetu nyeusi haionyeshi weupe ule unaoonekana kwenye picha za vitabu, kwa hiyo tazama viganja, ncha za vidole na nyama iliyo chini ya kucha.

Raynaud peke yake wanayo watu wengi wazima wasio na ugonjwa wowote, hasa wanawake vijana. Mwanamume aliyeanza kuipata akiwa amepita miaka 40, naye ngozi inamkaza, huyo simwachi aende nyumbani bila vipimo. Fanya hivi leo. Mwambie anyooshe kidole cha kati, umfinye ngozi ya juu ya kidole, kati ya kifundo na kifundo. Kwako wewe itainuka kama kitambaa. Kwake, ikiwa ni hilo ninalolidhani, vidole vyako vitateleza: ngozi imeng'aa, mikunjo imefutika, imeshikana na kilicho chini yake. Kisha aviweke viganja viwili pamoja, utazame kama vinakutana pote au vinabaki na uwazi katikati. Mwambie afungue mdomo. Je, andazi linaingia kama zamani, au analimega vipande vidogo siku hizi? Ngozi ikiwa imekaza kwenye vidole vya mikono yote miwili, na mkazo ukavuka vifundo vya shina la vidole kuelekea kwenye kifundo cha mkono, basi kwa vigezo vilivyowekwa mwaka 2013 na vyama vya madaktari wa baridi yabisi vya Marekani na Ulaya, dalili hiyo moja inatosha kuuita ugonjwa kwa jina lake.

Na madoa? Mkalishe dirishani mchana, uyatazame kwa karibu. Mbalanga hufuta rangi yote, doa likabaki jeupe tupu. Madoa ya skleroderma kwa watu weusi huwa kama chumvi iliyonyunyiziwa pilipili manga: ngozi imepauka, lakini kila kitundu cha unywele kimebaki na nukta yake nyeusi. Namkumbuka fundi mmoja aliyeingia ofisini kwangu mikono ameifunika kwa kikoi. Alikuwa amepaka dawa ya mbalanga miaka miwili. Nilipokifunua kikoi niliziona zile nukta nyeusi kutoka kitini pangu, na kidole chake cha shahada kilikuwa na kidonda nchani, kidogo kama punje ya mtama, kisichopona. Miaka miwili hiyo ndiyo ingekuwa ya kuyakagua mapafu yake, na hadi leo inaniuma.

Kwa hao wanaosema ni mkono wa mtu sina ugomvi nao. Kisomo kisomwe, na vipimo vipimwe. Ninachokuomba ni kimoja: kisomo kisicheleweshe hospitali.

Vipimo vyenyewe, ikiwa fedha ni chache, anzeni na vile vya bei nafuu ambavyo vinaokoa maisha: presha, mkojo kuangaliwa protini, na kreatinini ya damu, inayoonyesha figo zinafanyaje kazi. Kisha spirometria, yaani kupuliza kwenye mashine ili ijulikane mapafu yanabeba hewa kiasi gani. Kisha damu ya kingamwili iitwayo ANA, na ikionekana ipo, zile za ndani zaidi: Scl-70, sentromea na RNA polimerasi ya tatu. Hizo humwambia daktari ni mapafu au figo zinazopaswa kulindwa zaidi. Baadaye picha ya CT ya kifua na ultrasaundi ya moyo. Anzeni Hospitali Kuu ya Pwani, na mwombe rufaa kwa daktari wa baridi yabisi. Madaktari hao ni wachache Kenya nzima na wengi wako Nairobi, kwa hiyo fanyeni vile vipimo vya mwanzo hapa hapa wakati mnaisubiri foleni.

Kuna kitu kingine ambacho daktari mzuri atakiuliza: mashine ya kupigia msasa. Chombo kinachotetemesha mkono kwa miaka mingi nacho huvifanya vidole kuwa vyeupe, bila ya ugonjwa wowote wa kinga. Tofauti ni kwamba mtetemo haukazi ngozi ya uso wala hautoi madoa kifuani. Mumeo anaweza kuwa na yote mawili.

Twende kwenye thina.

Kopo linaloitwa thina halina kitu kimoja ndani yake. Huwa ni mchanganyiko wa viyeyushi: tolueni, zaileni, asetoni, butili asetati na vinginevyo, na ile ya kupimiwa kwenye chupa ya maji hata muuzaji hajui imechanganywaje. Kwamba kitu cha kazini kinaweza kuileta skleroderma, wazo hilo lina zaidi ya miaka mia moja, nalo lilianza na vumbi. Mwaka 1914 daktari Byrom Bramwell wa Edinburgh aliwatazama wagonjwa wake 9 akakuta 5 kati yao ni waashi wa mawe. Mwaka 1957 hali kama hiyo ikaandikwa juu ya wachimba dhahabu wa Afrika Kusini. Kisha zikaja kemikali. Katika viwanda vya plastiki, wafanyakazi waliokuwa wakiingia ndani ya mapipa makubwa kukwangua mabaki walivuta vinili kloridi, wakaanza kupata vidole vyeupe, ngozi nene, na mifupa ya ncha za vidole ikayeyuka. Ugonjwa wao haukuwa skleroderma yenyewe hasa, lakini ulifanana nayo kiasi cha kuwalazimisha madaktari wakubali kwamba mtu anaweza kuvuta hewa ya kazini na ngozi ikakakamaa. Mwaka 1981 kule Uhispania watu wapatao 20,000 waliugua kwa kula mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na anilini, na baadhi yao waliishia na ngozi iliyokaza vivyo hivyo.

Kwa viyeyushi, cha kwanza kushukiwa kilikuwa trikloroethilini, inayotumika kuondoa grisi kwenye vyuma. Baadaye watafiti wa nchi mbalimbali waliwalinganisha wagonjwa wa skleroderma na watu wasio nayo, wakiwauliza kazi walizofanya. Hesabu hizo zikijumlishwa, waliofanya kazi na viyeyushi huonekana kuwa na uwezekano wa kuugua kama mara mbili ya wengine. Utafiti wa Rouen, Ufaransa, uliotolewa mwaka 2014, uliwachukua wagonjwa 100 na watu 300 wa kulinganishwa nao, ukakuta uhusiano na vumbi la silika (madini yaliyomo kwenye mchanga na mawe mengi), moshi wa kuchomelea vyuma, na viyeyushi vya aina kadhaa, vikiwemo vile vya jamii ya tolueni na vya jamii ya asetoni. Yaani vitu vya gereji ya rangi.

Namna inavyotokea haijafunguka yote, ila watafiti wanadhani ni hivi. Kiyeyushi huingia kwa pumzi na kwa ngozi. Ini likijaribu kukivunja, hutokea vipande vikali vinavyojibandika kwenye protini za mwili. Askari wa kinga wakiiona protini ile hawaitambui tena kuwa ni ya nyumbani. Wakati huo huo utando wa ndani wa mishipa midogo huumia. Seli zinazotengeneza kolajeni, ile nyuzi inayoushikanisha mwili, hupata amri ya kujenga na hazipati amri ya kuacha, mfano wa fundi anayeendelea kupiga plasta ukuta uliokwisha jana. Hilo ndilo gumu unalolifinya juu ya kidole.

Sasa maneno ya mwenye gereji, kwamba hakuna mwengine aliyedhurika. Katika nchi ambako ugonjwa huu umehesabiwa, huonekana kwa mtu mmoja hadi watatu hivi katika kila watu 10,000. Ukizidisha mara mbili bado ni wachache. Kwa hiyo gereji ya mafundi kumi inaweza kufanya kazi miaka thelathini isimpate hata mmoja, na hilo halithibitishi kwamba thina ni salama. Upepo wa feri ya Likoni huwapiga abiria wote, lakini mwenye pumu ndiye anayekohoa. Watu wamezaliwa na kinga tofauti, na ini la huyu halivunji kemikali kama la yule. Tena sina hakika kama hao wengine ni wazima kama anavyosema. Ameshawahi kuwapima? Kwa rangi zenye hadena, yaani dawa ya kuigandisha rangi, mafundi wengi hupata pumu ya kazini, wakanunua dawa ya kikohozi miaka nenda miaka rudi.

Lakini dada yangu, jambo lililonishika zaidi katika barua yako ulilitaja kwa maneno machache tu: kwamba kabla ya rangi alikuwa akipiga mchanga vyuma vya meli. Ushahidi wa vumbi la silika na ugonjwa huu una nguvu kuliko wa viyeyushi. Tafiti zikijumlishwa, uwezekano wa kuugua hukaribia mara tatu. Mchanga ukirushwa kwa kompresa juu ya chuma hupasuka kuwa vumbi laini lisiloonekana, likafika chini kabisa ya pafu na kukaa humo. Kwamba ameacha kazi hiyo miaka 17 iliyopita hakulitoi vumbi. Ndiyo maana nataka CT ya kifua, na ndiyo maana nataka apimwe kifua kikuu kwa makohozi kabla hajaanzishiwa dawa yoyote ya kuishusha kinga, kwa sababu mapafu yenye silika huvamiwa na kifua kikuu kwa urahisi. Na hapa niwaambie mafundi wa mawe wanaosoma: jiwe la matumbawe tulilojengea Mji wa Kale ni chokaa kwa sehemu kubwa, lakini jiwe la Mazeras mnalolikata kwa grenda kwa ajili ya sakafu na kuta ni jiwe la mchanga, lina silika. Likateni likiwa limelowa maji.

Basi ni thina au si thina? Hakuna kipimo cha damu kinachorudi kimeandikwa jina la kemikali. Ikiwa ugonjwa utathibitishwa, mimi kama daktari wa kazi ningeandika hivi bila kusita: mtu huyu alivuta silika, kisha viyeyushi kwa miaka 17, vyote viwili vinahusishwa na ugonjwa huu, vilitangulia ugonjwa kwa miaka mingi, naye ni mwanamume, jinsia ambayo huugua mara chache zaidi kuliko wanawake. Kwa uzani huo kazi imechangia. Hivyo ndivyo ninavyoamini.

Ili daktari yeyote aweze kuandika hivyo, anahitaji kitu ambacho mnacho nyinyi peke yenu, nacho kinapotea kila siku: historia ya kazi yake. Nimekaa kwenye kliniki nyingi. Mgonjwa huulizwa, kazi yako? Hujibu, fundi. Kalamu huandika "fundi", ikaenda kwenye swali la pili. Rangi, mchanga na thina vyote vimemezwa na neno moja. Nunua daftari ya kurasa 48. Jioni moja kaeni naye, aanze na kazi ya kwanza kabisa aliyolipwa maishani. Alianza mwaka gani, akaacha mwaka gani. Alifanyia ndani au nje. Kama ndani, dirisha lilikuwa wapi, feni ilikuwepo? Magari mangapi kwa wiki. Nani alikuwa akiosha bunduki ya rangi, na kwa kitu gani. Je, alikuwa akinawa mikono kwa thina jioni? Karibu kila fundi hunawa, nami nataka liandikwe, kwa sababu ngozi iliyooshwa mafuta yake huinywa kemikali. Alitoka kazini na kizunguzungu au kichwa kuuma? Siku za mapumziko kiliacha? Piga picha kila kopo, mbele na nyuma, hata lililopasuka lebo. Kemikali ya dukani inayouzwa rasmi huwa na karatasi ya usalama yenye sehemu 16, na sehemu ya tatu ndiyo inayotaja kilichomo. Mwajiri anapaswa kuwa nayo, na mumeo ana haki ya kuiona. Andikeni pia majina ya wenzake wa zile siku za mchanga, kabla hawajahamia Nairobi au Doha.

Aache kazi? Atoke kwenye mvuke na kwenye vumbi, ndiyo, na atoke sasa. Sitakudanganya kwamba akitoka ugonjwa utarudi nyuma. Ukishawashwa huwa unajiendea wenyewe. Lakini hakuna sababu ya kuendelea kuyapa mapafu yale yale sumu ile ile. Najua ada ya shule na kodi ya nyumba haziulizi habari ya mapafu. Ndiyo maana nasema atoke kwenye mvuke, sikusema atoke gereji. Miaka 17 imempa jicho: kukadiria gharama, kulinganisha rangi kwa macho, kupokea wateja, kuagiza vipuri, kuwafunza vijana kwa mdomo akiwa nje ya chumba cha kupulizia. Mwenye gereji mwenye akili haipotezi elimu hiyo.

Ikiwa zipo wiki chache ambazo hana budi, basi ajikinge kikweli. Barakoa ya vumbi na leso iliyolowa havizuii mvuke hata kidogo. Kinachozuia ni barakoa ya mpira yenye vichujio vya mkaa vya mvuke wa viyeyushi, vyenye utepe wa kahawia kwa mtindo wa Ulaya au mweusi kwa mtindo wa Marekani. Akianza kusikia harufu ndani yake, kichujio kimekwisha. Kwa mwenye ndevu barakoa hiyo haikazi usoni, hewa hupita pembeni. Huyo anahitaji kofia ya kufunika kichwa inayoletewa hewa safi kwa bomba, na kwa rangi yenye hadena hilo ndilo linalotakiwa kwa kila mtu. Glavu nyembamba za mpira za hospitali huyeyuka kwenye thina, kwa hiyo asizitegemee.

Nyumbani, mtilie maji ya vuguvugu ya udhu. Avae soksi za mikono akitoa kitu kwenye friza. Sigara aiache kabisa. Na kama anatafuna muguka au miraa jioni na wenzake, aache pia: zina kathinoni, nayo huibana mishipa ile ile inayojibana yenyewe. Daktari akimwandikia dawa ya presha, amwambie kuhusu vidole, maana propranololi na atenololi huweza kuzidisha Raynaud, ilhali nifedipini huifungua mishipa. Kidonda chochote nchani mwa kidole kioneshwe hospitali mapema, kisingoje kuiva. Zipo pia dawa za kuituliza kinga, kama mikofenoleti, ambazo hupunguza kasi ya mapafu kuharibika. Hizo ni za daktari wa baridi yabisi kuamua akiwa na majibu mkononi, na hiyo ndiyo sababu ya kutochelewa.

Haki anazo. Kenya ina sheria mbili za mwaka 2007: ya usalama na afya kazini, na ya fidia kwa majeraha na magonjwa ya kazini, hiyo mafundi huiita WIBA. Amweleze mwajiri kwa maandishi kwamba amepatwa na ugonjwa unaoshukiwa kutokana na kazi, abaki na nakala yenye tarehe, na ujumbe wa simu ni bora kuliko kutoandika. Mwajiri ndiye anayepaswa kuripoti, lakini akikaa kimya nendeni wenyewe Idara ya Usalama na Afya Kazini, wana ofisi Mombasa. Madai ya WIBA huanzia kwa mkurugenzi wa idara hiyo, siyo mahakamani. Mahakama ya Juu ililithibitisha hilo Desemba 2019, kwa hiyo jihadharini na mtu yeyote anayekutakeni pesa ili akimbilie kortini kwanza. Sheria inataja miezi 12 ya kuwasilisha madai, msiache ipite. Mkithibitisha, gharama za matibabu zinamwangukia mwajiri, na ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa msingi wa mapato ya miezi 96.

Mwenye gereji akisema hakuwahi kumwajiri kwa karatasi, fungueni M-Pesa. Malipo ya kila Jumamosi kutoka namba ile ile kwa miaka ni ushahidi, na taarifa ya miaka ya nyuma yaweza kuombwa. Picha ya zamani akiwa ameshika bunduki ya rangi, na ubao wa gereji unaonekana nyuma yake, nayo ni ushahidi.

Mwisho umeniuliza habari yako. Kufua ovaroli hakukuweki katika hatari inayofanana na yake. Mvuke mwingi umeshatoka nguo inapofika nyumbani. Hata hivyo, ovaroli mbichi ya thina isiingie ndani ya nyumba wala isifungiwe kwenye mfuko chumbani mnamolala. Ianikwe nje kwanza, ifuliwe peke yake, mbali na nguo za watoto, na vumbi la msasa lisikung'utwe mlangoni. Ikiwa una mimba au unanyonyesha, mwachie mtu mwengine kazi hiyo, kwa sababu tolueni humfikia mtoto. Na ukimfinya kidole leo ukaona ngozi haiinuki, ujifinye na wewe, kisha niandikie umeona nini, pamoja na zile namba za presha za wiki ya kwanza.